Mshipa Uchanikao kwa Ndani

Juma hili twataka kuwaeleza ugonjwa usioonekana mara nyingi, lakini wenye kuua upesi usipotambuliwa.

Mshipa mkubwa utokao moyoni una kuta tatu, moja ndani ya nyingine. Je, mmewahi kuvaa koti ambalo kitambaa chake cha ndani kimefumuka? Mkono hupotea kati ya nguo mbili. Ndivyo ifanyavyo damu: ukuta wa ndani ukichanika, damu hupenya kati ya kuta na kujifungulia njia ya uongo, na viungo vilivyoingojea huikosa.

Aghalabu mgonjwa hushikwa ghafula na maumivu makali kifuani au mgongoni, kama mtu anayepasuliwa. Lakini si wote. Mmoja huzimia tu. Mwingine mguu wake hufa ganzi. Mwingine hupooza upande mmoja. Mishipa ya shingo nayo yaweza kuchanika, hata kwa kijana: shingo na kichwa humwuma, kope la jicho moja hulegea, na mboni yake huwa ndogo. Tena mama aliyejifungua karibuni aweza kuchanika mshipa unaoulisha moyo.

Mganga mwangalifu hupima tansio mikono yote miwili. Ikitofautiana sana, hiyo ni alama. Ikilingana, asitulie bado. Maana akidhani ni moyo tu, akatoa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, aweza kumdhuru mgonjwa. Picha ya skana ndiyo imalizayo shaka.

Kutambua si kazi rahisi. Michael DeBakey wa Marekani alikuwa miongoni mwa waganga wa kwanza waliofaulu kuutengeneza mshipa huo, katika miaka ya 1950. Tarehe 31 Desemba 2005, akiwa na miaka 97, ugonjwa ule ule ulimshika yeye mwenyewe. Kwanza alidhani moyo wake u karibu kusimama. Baadaye ndipo alipoutambua. Alipasuliwa Februari 2006, akaishi hata Julai 2008.

Nasi jamaa tufanyeje? Tusingoje asubuhi, wala tusimkande mgonjwa kwa maji moto. Tumpeleke hospitali, tumwambie mganga: maumivu yalianza saa ngapi, yalianzia wapi, yakahamia wapi, kama mgonjwa ana tansio, kama yuko mtu wa ukoo aliyekufa ghafula. Na mwenye tansio anywe dawa zake kila siku, hata ajionapo mzima. Neno moja la jamaa laweza kumfumbua mganga macho.