Miembe ya Shule ni Mali ya Nani?

Hebu tutazame kisa hiki. Tuseme iko shule ya msingi huko Ipuli, mjini Tabora, yenye miembe mikongwe uwanjani, ya jamii ile iliyoenea kando ya njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Msimu umewadia. Mwalimu Mkuu anamwuzia mchuuzi maembe yote yakiwa bado mtini, na fedha ananunulia chaki na kufuli la ghala. Hakuiba hata senti moja. Lakini hakuiarifu kamati ya shule, wala hakuandika stakabadhi. Siku ya tatu mchuuzi anawakuta watoto mtini, anawachapa. Kesho yake alfajiri wazazi wamejaa mlangoni pa ofisi. Mwalimu aanze na nani?

Hiki ndicho walimu wanachokiita kisa mafunzo. Nchini mwetu uongozi wa elimu umekuwa na chuo chake huko Bagamoyo tangu mwaka 1979, kilipoanzishwa kwa jina la MANTEP. Mwaka 2001 kikawa Wakala, yaani ADEM. Kanuni za fedha mtu aweza kuzikariri kwa juma moja. Kumkabili mzazi mwenye hasira hakukaririki. Weka kisa hicho mbele ya walimu kumi: mmoja atataka polisi, mwingine atatafuta daftari la hesabu, na pengine mmoja tu atauliza kama yuko mtoto aliyeumia. Hapo ndipo somo linapoanza, kwani kila mmoja atalazimika kutetea jibu lake mbele ya wenzake. Sisi tuna desturi ya kumkabidhi mtu shule nzima kwa kuwa anafundisha hesabu vizuri!

Tabora haikosi visa vya kweli. Inasimuliwa kwamba Mwalimu Nyerere, aliyeingia Shule ya Tabora mwaka 1937, alipokuwa kiranja alipinga viranja kupewa chakula maradufu. Mkuu wa shule afanyeje, kiranja anapoikataa heshima aliyopewa na shule yenyewe?

Turudi kwenye miembe. Kamati za shule zimo katika Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, na wazazi ni wajumbe. Basi mwenyekiti wa kamati naye aulizwe: maembe yalipoanza kuiva, mbona hakuitisha kikao?