Tuingie Katika Mpango Kabla Haujapigwa Mhuri



Kila miaka mitano kila kaunti huandika kitabu cha mipango yake. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yaiamuru hivyo, na yakataza fedha za umma kutengwa nje ya mpango. Kitabu cha sasa ni cha 2023 hadi 2027. Ukikifungua hutakosa maneno "maendeleo endelevu". Wengi wetu tumeyapita maneno hayo tukidhani ni mambo ya wapenda miti na wanyama. Tumekosea, na sisi tuandikao hapa hatujitoi katika kosa hilo.

Maana yake ni kwamba leo tule, lakini tusile mbegu ya kupanda. Wala si jambo jipya. Waraka Namba 10 wa mwaka 1965 ulikwisha taja kuhifadhi mali ya asili kwa ajili ya wazao wetu. Katiba ya 2010, kifungu cha 10, imeliweka jambo hilo miongoni mwa yale yanayomfunga kila mtumishi wa serikali anapotunga sera au kuitekeleza. Kifungu cha 201 chasema hata mzigo wa madeni ya nchi ugawanywe kwa haki kati ya walio hai sasa na watakaokuja. Basi sheria tunayo. Taabu ni kwamba maneno haya huandikwa katika dibaji, kisha kurasa za fedha huendelea kana kwamba hayakuandikwa.

Tazameni Owino Uhuru, Mombasa. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi hapo, chini ya mpango wa serikali wa kukuza viwanda vya kuuza bidhaa ng'ambo. Kazi zilipatikana, na nani angekataa kazi? Lakini moshi wenye sumu ya risasi uliingia majumbani, maji machafu yalipita kati ya nyumba, na mfanyakazi alirudi jioni na vumbi katika nguo zake akampakata mtoto. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Julai 2020 mahakama iliamuru waliodhurika walipwe shilingi bilioni 1.3 na vyombo vya serikali pamoja na makampuni. Mahakama ya Rufani ikayatengua malipo hayo mwaka 2023; Mahakama ya Juu ikayarudisha Desemba 2024. Hesabuni miaka hiyo, ndugu, kisha mfikirie mtoto aliyezaliwa kiwanda kilipofunguliwa.

Wako wenzetu wanaoogopa kwamba tukisema hivi tutawafukuza wenye mitaji. Sisi hatukatai viwanda. Twaishi kwa viwanda. Twasema gharama ya uchafu hulipwa kwa vyovyote, na ni afadhali iandikwe katika hesabu za mwanzo kuliko kulipwa na kifua cha mfanyakazi.

Na tusiwaachie wataalamu peke yao kazi ya kuandika. Mtaalamu huja na ramani. Mzoa taka ajua ni mtaro gani huziba mvua ikinyesha mara mbili tu. Fundi wa mabomba ajua maji hupotelea wapi, na muuguzi wa zahanati ajua ni mtaa gani unaoleta watoto wenye kikohozi. Watu hawa ni wanachama wetu, na ni nadra kuulizwa. Soko jipya likipangwa, wao ndio wa kuuliza maji yake machafu yataelekea wapi, na kama viatu na glavu za mwenye kulifagia zimo katika makadirio.

Lakini wakati una tarehe zake. Mpango wa mwaka hupelekwa katika Bunge la Kaunti kabla ya Septemba 1, waraka wa mwelekeo wa fedha kabla ya Februari 28, na makadirio kabla ya Aprili 30. Sisi huja Juni na mabango, sima ikiwa imekwisha iva.

Kwa hiyo twaomba kila tawi lichague watu wawili, mmoja wao awe wa kazi za mikono, wahudhurie baraza za kaunti mwaka huu. Waombe rasimu mapema, waanze na kurasa za fedha, na maoni yetu wayapeleke kwa maandishi. Wahakikishe karani amegonga mhuri wa kupokea, na tarehe, katika nakala inayobaki kwa chama.