Mimu za Kisiasa: Kejeli si Uongo

Mimu za intaneti, yaani picha zenye maneno mafupi ya kejeli, aghalabu huhesabiwa kuwa mzaha usiostahili uchunguzi wa kitaaluma. Maoni yetu ni kwamba mimu ni tendo la usemi, na kulipuuza kuna madhara.

Tuchukue mfano mmoja. Mizengo Pinda, aliyekuwa Mbunge wa Mpanda Mashariki na baadaye wa Katavi, alijulikana kwa kujiita "mtoto wa mkulima" alipokuwa Waziri Mkuu (2008–2015). Kwake, kauli hiyo ilidokeza unyenyekevu. Tuseme mtu anaibandika chini ya picha ya msafara wa magari ya kifahari: maneno hayabadiliki hata silabi moja, lakini maana hupinduka. Mbinu hii si ngeni. Mvaaji wa kanga humsema jirani kwa jina ambalo hakulitunga, na akiulizwa hukana.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inakataza kuchapisha kwa makusudi taarifa ya uongo, iwe picha au maandishi, ili kukashifu au kupotosha umma. Lakini mwongo huficha pengo baina ya neno na hali halisi. Mwenye kejeli hulionyesha, akitaraji litambuliwe.

Kufafanua tofauti hiyo ni wajibu wa wanaisimu. Tukinyamaza, mkazi wa Mpanda aliyesambaza utani aweza kuhukumiwa kama mzushi.