Frateri na riwaya za upelelezi

Likizo iliyopita, parokiani kwetu Temeke, mama mmoja wa jumuiya aliniona na Simu ya Kifo mkononi. "Frateri, na hivyo mnafundishwa?" Hatufundishwi, mama, ila nasoma, na ningependa vijana wetu nao wasome.

Riwaya hiyo ya Faraji Katalambulla ilitoka mwaka 1965. Kabla yake, mwaka 1960, Muhammed Said Abdulla alikwisha kutupa Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale: wenzake wanahofia mzimu, yeye anatafuta ushahidi. Somo la mantiki lilinitoa jasho mwaka wa kwanza. Bwana Msa alinisaidia kuliko daftari langu.

Willy Gamba wa Elvis Musiba? Namsoma, lakini kwa risasi na wanawake wale, mtoto wa kipaimara asubiri kwanza.

Ninayemrudia zaidi ni Padre Brown wa Chesterton. Anawanasa wahalifu kwa sababu amesikiliza maungamo mengi, na anajua kwamba hata yeye angeweza kuua. Nami, Mungu akipenda, nitakaa kitubioni siku moja.

Yule mama nilimwazima Simu ya Kifo. Hajairudisha bado.