Simulizi za wenye ualbino: Taifa limesikia walivyouawa, halijasikia wanavyoishi

UCHAMBUZI
Na Mwandishi Wetu, Moshi

KWA mkazi wa Majengo, mjini Moshi, habari za kuuawa kwa watu wenye ualbino zimekuwa kwa miaka mingi habari za mbali. Zilitoka Mwanza, Shinyanga, Geita na Kagera. Zilisomwa gazetini, zikazungumzwa vijiweni siku mbili tatu, kisha zikapita.

Hata hivyo, taasisi mbili zenye uzito mkubwa katika suala hili ziko jirani na mkazi huyo. Ya kwanza ni kituo cha magonjwa ya ngozi kilichopo katika Hospitali ya Rufaa ya KCMC, safari fupi ya daladala kutoka Majengo. Ya pili ni Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake jijini Arusha, umbali wa kilomita 80 hivi.

Kinachoziunganisha taasisi hizo ni watu walionusurika na ushuhuda wao. Swali la kujiuliza ni je, ushuhuda huo umeleta nini mpaka sasa, na kwa nini bado hautoshi?

Ukimya ulivyovunjwa

Mauaji yaliyoshika kasi kuanzia mwaka 2007 yalijengwa juu ya imani kwamba viungo vya mtu mwenye ualbino huleta utajiri na bahati. Kwa muda mrefu biashara hiyo iliendeshwa kwa siri, huku familia zikizika usiku na majirani wakinyamaza.

Mwaka 2008, mwandishi wa habari Vicky Ntetema, aliyekuwa akiongoza ofisi ya BBC jijini Dar es Salaam, aliwaendea waganga Kanda ya Ziwa bila kujitambulisha kazi yake, akaanika jinsi biashara hiyo ilivyofanyika. Alitishiwa maisha na kulazimika kujificha. Katika kipindi hicho manusura waliokatwa mikono nao walianza kusimama hadharani na kueleza yaliyowapata.

Matokeo yalionekana. Mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, kuwa mbunge. Septemba 2009, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu 3 adhabu ya kifo kwa kumuua mvulana mwenye ualbino, hukumu ya kwanza ya aina yake nchini.

Kilichofanyika katika kipindi hicho kinatoa funzo. Sheria ya kuadhibu mauaji ilikuwapo siku zote. Kilichokosekana ni jamii kuamini kwamba aliyeuawa alikuwa mtu, na hilo halikuletwa na kifungu cha sheria bali na sauti ya aliyenusurika.

Simulizi inayoumiza

Si kila simulizi ilisaidia. Sehemu ya vyombo vya habari, katika kulaani mauaji, ilirudia tena na tena bei iliyosemekana kulipwa kwa kiungo kimoja. Habari iliyokusudiwa kumlinda mtu ikamtangaza kuwa mali. Ndiyo maana hadi leo wapo wanaopita barabarani na kuitwa "dili", kana kwamba ni bidhaa inayosubiri mnunuzi.

Kabla ya hapo waliitwa "zeruzeru", na kulikuwa na imani kwamba hawafi bali hutoweka tu. Kila mtu mwenye ualbino anayesimama mbele za watu akaeleza kazi yake, ndoa yake na watoto wake, anaibomoa imani hiyo pasipo kuhubiri. Salum Barwany aliibomoa alipochaguliwa na wananchi wa Lindi Mjini kuwa mbunge mwaka 2010. Dk. Abdallah Possi aliibomoa alipoteuliwa kuwa naibu waziri mwaka 2015.

Tatizo ni kwamba habari za aina hiyo ni chache zikilinganishwa na za mapanga. Taifa limeelezwa kwa kina jinsi wenye ualbino wanavyouawa, lakini halijaelezwa wanavyoishi.

Jua halina mapumziko

Hapa ndipo Moshi inapoingia. Kituo cha magonjwa ya ngozi cha KCMC, kilichofunguliwa mwaka 1992, kimewahudumia watu wenye ualbino kwa miaka mingi, na Moshi ndipo yalipoanza kutengenezwa mafuta ya kukinga ngozi na jua yajulikanayo kwa jina la Kilisun, yaliyokusudiwa mahususi kwa ajili yao.

Mtu mwenye ualbino ana upungufu mkubwa wa rangi ya asili inayoikinga ngozi. Utafiti wa wagonjwa 164 wa kaskazini mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 1995, ulionyesha kuwa madhara ya jua kwenye ngozi huanza tangu utotoni. Asipopata kinga mapema, saratani humfika angali kijana. Wapo walioponea mapanga na kuuawa na jua.

Kifo hicho hakina muuaji wa kukamatwa, hivyo hakipati kichwa cha habari. Lakini kuna mkono wa jamii ndani yake. Mtoto anayenyimwa shule kwa sababu haoni ubao, akakua bila elimu, huishia kuchuuza au kulima juani, kazi ambazo ngozi yake haiziwezi. Ubaguzi unaoanzia darasani huishia wodini.

Shahidi na mahakama

Mahakamani nako, ushuhuda wa manusura hukutana na vikwazo. Ualbino huambatana na uoni hafifu, na mashambulizi mengi hufanyika usiku. Kumtambua mshambuliaji kwa kiwango kinachoridhisha mahakama ni kazi ngumu. Zaidi ya hayo, katika matukio kadhaa ndugu wa karibu wametajwa kuhusika, hivyo shahidi hulazimika kurudi kulala chini ya paa moja na anaowashuku. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 ipo, lakini thamani yake hupimwa kijijini.

Kwamba hatari haijakwisha, tukio la Muleba, Kagera, ni ushahidi. Mei 30, 2024, mtoto wa miaka 2 na nusu aliporwa nyumbani kwao, na mwili wake ukapatikana katikati ya Juni ukiwa umenyofolewa viungo. Watu 9 walifikishwa mahakamani.

Februari 5, 2025, Mahakama ya Afrika ilitoa hukumu katika shauri lililofunguliwa mwaka 2018 na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na taasisi nyingine mbili. Iliamua kuwa Tanzania imekiuka haki za watu wenye ualbino, ikiwamo haki ya kuishi na ya utu, na kuagiza pamoja na mambo mengine kuanzishwa kwa mfuko wa fidia na kampeni za elimu kwa umma.

Kuna jambo lisilopaswa kupita kimya. Novemba 2019 Tanzania iliondoa ridhaa yake ya kuruhusu watu binafsi na asasi kufungua mashauri moja kwa moja katika mahakama hiyo, na uamuzi huo ukaanza kutumika Novemba 2020. Shauri hili lilipenya kwa sababu lilifunguliwa mapema. Manusura wa shambulio la kesho hatakuta mlango huo wazi.

Kwa sababu hiyo, hukumu ya Arusha haipaswi kuishia kwenye makabrati. Fidia ni bandia ya mkono uliokatwa, ni ada ya mtoto aliyefichwa nyumbani, ni mafuta ya ngozi yanayofika zahanati bila kukatika.

Sehemu ya jamii nayo haihitaji amri ya mahakama. Mwalimu anaweza kumketisha mtoto mstari wa mbele, mwajiri anaweza kumpa mtu kazi ya kivulini, na kijiwe cha Majengo kinaweza kumkatiza anayemwita mwenzake "dili". Manusura wamekwisha kusema, tena kwa gharama kubwa. Wajibu uliobaki ni wa wasikilizaji.