UCHAMBUZI: Nguvu za injini za Langalanga hukomea wapi?

KANUNI mpya za injini zilizoanza kutumika katika mbio za magari ya Langalanga msimu wa 2026 zimefufua mjadala wa kale: Je, injini ndogo yenye turbo inaweza kutoa nguvu za farasi ngapi, na ni nani anayepaswa kuamua zikomee hapo?

Mjadala huo ulizuka Julai 1977 katika uwanja wa Silverstone, Uingereza, pale kampuni ya Renault ya Ufaransa ilipoleta gari la injini ya lita 1.5 likabiliane na injini za lita 3 zisizo na turbo. Gari hilo, likiendeshwa na Jean-Pierre Jabouille, lilifuka moshi mara nyingi mno hivi kwamba wapinzani walilibandika jina la birika la chai. Kicheko kilikatika miaka miwili baadaye Jabouille alipotwaa ushindi nyumbani, Dijon. Mnamo 1983, Nelson Piquet wa Brazil akanyakua ubingwa wa dunia kwa injini ya BMW yenye silinda nne pekee.

Turbo yenyewe si fumbo. Moshi wa moto unaotoka kwenye injini huzungusha feni, nayo feni hiyo huzungusha nyingine inayoshindilia hewa ndani ya silinda. Hewa ikizidi, mafuta mengi zaidi huchomeka na nguvu huongezeka. Tatizo ni kwamba hewa iliyoshindiliwa hupata joto, na joto likipita kiasi mafuta hulipuka kabla ya wakati wake na kuitoboa pistoni. Ndiyo maana wahandisi wa miaka hiyo walihangaikia mafuta kama walivyohangaikia chuma. Kufikia 1988, Honda ilikuwa ikitumia mchanganyiko ambao asilimia 84 ilikuwa toluini, kemikali isiyolipuka ovyo.

Mnamo 1986 injini ya BMW ilikadiriwa kutoa zaidi ya nguvu za farasi 1,300 wakati wa kufuzu. Ilikadiriwa tu, kwa kuwa mashine za kiwandani hazikuweza kupima kiwango hicho. Injini ya aina hiyo ilidumu mizunguko michache, kisha ikawekwa kando. Katika mbio zenyewe nguvu zilipunguzwa sana, maana kila gari liliruhusiwa lita 195 za mafuta pekee.

Wasimamizi wa mchezo waliingiwa na hofu. Shinikizo la hewa liliwekewa kikomo cha bari 4 mnamo 1987 na bari 2.5 mwaka uliofuata, huku mafuta yakipunguzwa hadi lita 150. Hata hivyo, McLaren na Honda walishinda mbio 15 kati ya 16 za mwaka huo. Ilibidi turbo ipigwe marufuku kabisa kuanzia 1989.

Iliporejea mnamo 2014, ilifungwa minyororo mingine: injini ya lita 1.6 isiyomeza zaidi ya kilo 100 za mafuta kwa saa. Wahandisi walionyimwa mafuta wakageukia ubanifu. Mnamo 2017 Mercedes ilitangaza kwamba injini yake, katika majaribio ya kiwandani, iligeuza zaidi ya asilimia 50 ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Injini nyingi za petroli za barabarani hazifiki asilimia 40. Pengine hayo ni mafanikio makubwa kuliko farasi wote wa 1986, ingawa hayana kelele za kuvutia mashabiki.

Chini ya kanuni za 2026, mota ya umeme imepanda kutoka kilowati 120 hadi 350, nayo injini ya mafuta imeshuka hadi takriban kilowati 400. Jenereta iliyofungwa kwenye turbo, ambayo iliizungusha kabla ya moshi kutosha, imeondolewa. Kwa jumla hizo bado ni nguvu za farasi zipatazo 1,000, lakini si kwa mzunguko mzima: betri hupungua katika sehemu ndefu zilizonyooka, na dereva hulazimika kuijaza upya akiwa mbioni.

Audi ya Ujerumani imejiunga kwa sababu ya kanuni hizo. Renault, iliyoanzisha yote haya kwa birika lake, iliacha kuunda injini za Langalanga mwishoni mwa 2025, na timu yake ya Alpine sasa hununua za Mercedes.