Fimbo peke yake haizuii sigara za umeme



Sigara za umeme sasa zimeanza kuonekana hata mikononi mwa watoto wa shule za msingi.

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa darasa la sita alikutwa na kifaa hicho, kidogo kama kalamu. Nilipomhoji alijibu: "Mwalimu, hii si sigara. Ni mvuke wa embe tu." Alichapwa. Haikupita wiki akakutwa nacho tena. Hapo nilitambua kwamba adhabu tulimpa, lakini hoja yake hatukuijibu.

Jibu lipo, nalo limetoka kwa mnyoo. Si yule tunayemtibu shuleni kwa vidonge, bali mwingine asiyemdhuru binadamu, aishiye udongoni na kwenye matunda yaliyooza. Urefu wake ni milimita 1 tu. Sydney Brenner, mzaliwa wa Afrika Kusini, ndiye aliyemfanya awe maarufu katika maabara, na mwaka 2002 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Mnyoo huyu ana seli za neva 302 tu, kwa hiyo ni rahisi kuchunguza kinachombadilisha tabia.

Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walieleza kuwa minyoo hao wakipewa nikotini huchangamka, wakikaa nayo muda mrefu huizoea, na wakiondolewa mwendo wao hubadilika. Yaani kiumbe asiyejua anasa wala matangazo ya biashara naye hutekwa na nikotini. Na vimiminika vingi vya sigara za umeme vina nikotini hiyo hiyo.

Ni kweli mnyoo hana mapafu, hivyo hawezi kutuonyesha yote yampatayo mvutaji. Lakini seli zake huipokea nikotini kwa njia inayofanana na zetu. Hapa kwetu, mkulima wa tumbaku wa Kahama akishika majani mabichi yenye umande huweza kupata kizunguzungu na kutapika, kwa kuwa nikotini hupenya ngozi. Je, itashindwa kupenya mapafu ya mtoto kwa sababu imetiwa harufu ya embe?

Sheria ya mwaka 2003 inakataza kuwauzia tumbaku walio chini ya miaka 18, lakini ilitungwa kabla vifaa hivi havijafika madukani kwetu. Naiomba Wizara ya Afya iwaeleze wafanyabiashara waziwazi kwamba navyo si vya watoto. Wizara ya Elimu nayo iingize habari za mnyoo huyu katika somo la sayansi. Nasi walimu tujiandae kujibu kabla ya kushika fimbo.

Mwanafunzi yule nimemsimulia habari hizi. Ameniuliza maswali mengi. Fimbo haikumfanya aulize hata moja.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kambarage, Shinyanga.